Kijini cha ganda la chungwa: nani hasa aliyachora mabango ya Kitaliano?

Miaka michache iliyopita niliagiza bango mtandaoni. Muuzaji aliliita "bango halisi la zamani la msanii wa Kitaliano". Picha yenyewe wengi mnaifahamu hata kama hamjui jina lake: kijini mwekundu aliyevaa kama mchekeshaji wa sarakasi, amejiviringisha ndani ya ganda la chungwa lililomenywa mkupuo mmoja bila kukatika, chupa ya Campari, kileo chekundu cha Kitaliano, mkononi, na nyuma yake giza tupu. Ukiwahi kula piza Malindi, huenda mlishaonana ukutani. Bei haikuwa ya kutisha, na hilo ndilo lilipaswa kunitisha.

Bango lilipofika nilimwonyesha fundi mmoja wa uchapaji. Hakusema neno. Alichukua kioo cha kukuza, akakiweka juu ya shavu la kijini, kisha akanisogezea. Shavu lote lilikuwa vidoti: vyekundu, vya njano, vya waridi, vimejipanga mistari kama askari kwenye gwaride. "Hii ni picha ya picha," akasema, akarudi kwenye kazi zake.

Hasara haikuwa kubwa, ila maneno ya yule muuzaji yalinikaa kichwani. Halisi. Msanii. Kitaliano. Kumbe kila neno hapo lina fundo lake.

Tuanze na Kitaliano, maana ndilo linalodanganya zaidi. Kijini yule alichorwa mwaka 1921 na Leonetto Cappiello. Alizaliwa Livorno mwaka 1875, kwa hiyo kwa kuzaliwa hapana ubishi. Lakini mwaka 1898 alihamia Paris, na huko ndiko alikopatia jina, kwanza kwa vikatuni vya watu mashuhuri. Miongoni mwa wa mwanzo aliowachora alikuwa mtunzi wa opera Giacomo Puccini, Mtaliano mwenzake aliyekuwa mjini humo. Kuanzia mwaka 1900 alikuwa na mkataba na mpiga chapa wa Paris, Vercasson, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza akahamia kwa mwingine wa mji huohuo, Devambez. Alitangaza chokoleti ya Waswisi, vileo vya Wafaransa, supu, corset za kubana kiuno, magazeti. Mwaka 1930 akachukua uraia wa Ufaransa. Basi bango ambalo dunia nzima inaliona kuwa ndilo Italia yenyewe lilitoka kichwani mwa mtu aliyekuwa ameishi Paris zaidi ya miaka 20.

Na alichokileta Cappiello hakikuwa "ladha ya Kitaliano" hata kidogo. Ilikuwa hesabu ya mtaani. Kabla yake mfalme wa mabango Paris alikuwa Jules Chéret, na mabango ya Chéret yamejaa: wasichana wanacheza, mapazia yanapepea, rangi zinamwagika kila upande. Ukisimama ukatazama utafurahi. Cappiello akaona kwamba watu hawasimami. Wapo kwenye tramu, wanawahi kazini, na ukuta una mabango mengine kumi yanayopiga kelele. Mwaka 1903 akachora tangazo la Chocolat Klaus: usuli mweusi, mwanamke wa gauni la kijani, amepanda farasi mwekundu. Kipande cha chokoleti hakionekani mle. Farasi mwekundu ana uhusiano gani na chokoleti? Hana, na kwa sababu hana ndiyo maana hutamsahau. Inasimuliwa kuwa wateja walianza kuingia madukani wakiomba "ile chokoleti ya farasi mwekundu". Baadaye wakafuata shetani wa kijani anayefungua chupa ya kileo cha Maurin Quina (1906), mtu anayetema moto kutangaza Thermogène, pamba ya kupasha mwili joto (1909), na punda milia wa kileo cha Cinzano (1910). Kila mara ni mchezo uleule: kiumbe mmoja, rangi kali, usuli mtupu, na jina la bidhaa.

Sasa vuka milima ya Alps uende Milan, ambako mabango yalikuwa yakichapwa ndani ya Italia. Huko nako, ukitafuta Wataliano, unapata watu wa sampuli nyingine. Anayeitwa baba wa bango la Kitaliano ni Adolf Hohenstein, Mjerumani aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1854. Leopoldo Metlicovitz na Marcello Dudovich, majina mawili makubwa yaliyofuata, wote walizaliwa Trieste, mwaka 1868 na 1878, wakati Trieste ilikuwa bandari ya dola ya Austria na Hungaria. Haikuingia Italia mpaka baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Hata mtindo wao, ule wa mistari inayopinda kama mizabibu na nywele zinazotiririka, Wataliano wanauita "Liberty", jina la duka la London.

Kilichowakusanya ni kampuni ya muziki. Giovanni Ricordi aliianzisha Milan mwaka 1808 kwa ajili ya kuchapa nota. Warithi wake wakawa wachapishaji wa watunzi wa opera Verdi na Puccini. Nota zinahitaji jalada, opera inahitaji tangazo, na ukishanunua mitambo mikubwa ya kuchapa rangi huwezi kuiacha ilale ukisubiri Puccini amalize opera nyingine. Ndipo Ricordi wakaanza kuuza kazi kwa wenye maduka, wenye baiskeli, wenye vileo. Hohenstein, aliyekuwa mkuu wa usanii pale, alichora bango la Tosca, opera ya Puccini, mwaka 1899: mwanamke amesimama juu ya maiti ya mtu aliyemuua, mishumaa inawaka sakafuni. Miaka miwili baadaye mkono huohuo ukachora tangazo la Bitter Campari. Ukijua hili unaelewa kwa nini matangazo ya Kitaliano ya enzi hizo yanaonekana kama jukwaa muda mfupi kabla pazia halijashuka: mwanamke anayenunua koti amesimama kama anayesubiri kuimba.

Hapa tunaingia kwenye fundo la pili, msanii. Tunapotazama sahihi pembeni tunadhani mkono uliotia sahihi ndio uliotengeneza kila kitu. Ili kuona kwa nini sivyo, lazima tushike jiwe.

Litografia, yaani kuchapa kwa jiwe, ilibuniwa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, na Alois Senefelder mwaka 1796. Alikuwa mwandishi wa tamthilia aliyetafuta njia rahisi ya kuchapa maandishi yake, na kazi zake za mwanzo kabisa zilikuwa nota za muziki. Siri yake anaijua kila aliyewahi kupika: mafuta na maji hayakai pamoja. Unachukua bamba la jiwe la chokaa, bora zaidi likiwa la Solnhofen, hukohuko Bavaria, unalisugua mpaka linakuwa laini kama shavu la mtoto. Unachora juu yake kwa kalamu ya mafuta. Kisha unalilowesha. Maji yanakaa mahali patupu na kukimbia penye mafuta. Ukipitisha rola yenye wino wa mafuta, wino unashika kwenye mchoro tu na kuteleza penye maji. Unaweka karatasi, unakandamiza, picha inatoka.

Hiyo ni rangi moja. Ukitaka nyekundu, njano, kijani na nyeusi, ni mawe manne, kila moja limechorwa sehemu yake tu, tena kinyume kama unavyojiona kwenye kioo, na karatasi ileile inapita mara nne. Ikikosea unene wa kucha, midomo ya bibi inahamia shavuni. Mabango mengi ya Italia yalikuwa na ukubwa wa sentimita 100 kwa 140, na yaliyozidi hapo yaliunganishwa karatasi kwa karatasi. Mara nyingi aliyetia sahihi alileta mchoro mdogo wa rangi za maji. Waliougawa mchoro huo katika mawe walikuwa mafundi ambao hawana jina popote.

Isipokuwa baadhi yao walipanda ngazi. Metlicovitz alikuwa fundi kabla ya kuwa msanii, na pale Ricordi akawa mkuu wa kazi za ufundi. Dudovich naye aliingia Milan mwaka 1897, kwa kushikwa mkono na Metlicovitz, akaanza kwa kuhamishia michoro ya wengine kwenye mawe. Naona hiki ndicho kinachowatofautisha na wachoraji walioshuka kutoka kwenye vyuo vya sanaa na kuona bango ni kazi ya njaa. Hawa walijua jiwe linapenda nini. Jiwe linapenda eneo pana la rangi moja na mpaka mkali.

Tazama bango la Metlicovitz la maonyesho ya Milan ya 1906, yaliyofanywa kusherehekea kufunguliwa kwa reli ya Simplon, handaki la karibu kilomita 20 kati ya Uswisi na Italia. Mchoraji mwingine angetuonyesha gari moshi linatujia. Yeye ametuweka ndani ya handaki, nyuma ya watu wawili waliokaa mbele kabisa ya injini, mmoja wao Mercury, mungu wa wasafiri wa Warumi, mwenye mabawa kichwani, nasi tunaona migongo yao tu. Mbele yao kuna tundu la mwanga, na ndani ya mwanga, mji. Giza lote lile la kuta ni jiwe moja au mawili tu yamefanya kazi.

Dudovich alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1911 kampuni ya kofia ya Borsalino ilipotafuta tangazo la kofia yake ya Zenit, alichora kiti, juu yake kofia nyeusi ya mviringo, glavu na bakora, vyote kwenye njano inayoumiza macho. Mwenye kofia hayumo. Ametoka, au anaingia sasa hivi, au ni wewe. Nikiulizwa bango moja la kuonyesha kwamba Wataliano hawakuwa wanafunzi wa Paris tu, ningetoa hilo na si kijini wa Cappiello.

Na mteja naye tumweke wapi? Huko Naples kulikuwa na maduka makubwa ya ndugu Mele, yaliyofunguliwa mwaka 1889. Walikuwa wateja wakubwa wa Ricordi, na Metlicovitz, Dudovich na hata Cappiello waliwafanyia kazi. Mabango yao yamejaa mabibi wa manyoya na kofia pana, wanashuka kwenye magari ya farasi, mbwa mwembamba pembeni. Soma maneno yaliyo chini sasa: "Massimo buon mercato", yaani bei nafuu kupindukia. Mele hawakuwa wanawauzia matajiri. Walikuwa wanamuuzia karani na mkewe picha ya utajiri, pamoja na koti la bei anayoiweza. Uamuzi huo haukuwa wa mchoraji. Vivyo hivyo Dudovich alipoanza kuchorea duka la La Rinascente la Milan mwaka 1921, kazi iliyoendelea mpaka 1956 na kupita mabango 100, mwanamke wake mrefu anayetembea bila kukutazama alikuwa nusu wake na nusu wa duka.

Aliyelisema jambo hili bila aibu ni Fortunato Depero wa Rovereto, msanii wa kundi la Wafuturisti. Wafuturisti walipenda kelele, mashine na kasi, na wenzake wengi waliishia kwenye mashairi. Depero aliingia kiwandani. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 aliifanyia kazi Campari, na mwaka 1926 akapeleka mchoro wa tangazo lao kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, waziwazi, jina la kinywaji likiwa humohumo. Hoja yake ilikuwa kwamba sanaa ya kale nayo ilikuwa matangazo: ya mapapa, ya wafalme, ya vita. Kilichobadilika ni anayelipa. Chupa ndogo ya Campari Soda ya mwaka 1932, iliyo kama bilauri iliyopinduliwa, isiyo na lebo kwa sababu jina limefinyangwa kwenye kioo chenyewe, imetokana na michoro yake na bado inauzwa vilevile.

Mchoraji Federico Seneca hakuandika manifesto, alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha chokoleti cha Perugina. Kule Perugia, Luisa Spagnoli wa kiwanda hicho alibuni tonge la chokoleti la mabaki ya njugu. Kwa umbo lake akaliita "cazzotto", yaani ngumi. Wenzake wakaona tabu: nani ataingia dukani kumwomba msichana wa watu ngumi? Mwaka 1922 likauzwa kwa jina la "Bacio", busu. Seneca akachora wapenzi wawili wamekumbatiana kwenye buluu ya usiku, akiazima mchoro wa Francesco Hayez wa mwaka 1859 unaojulikana na kila mtoto wa shule Italia. Msanii ni nani hapo, Seneca, Hayez, au aliyebadilisha ngumi kuwa busu?

Katika miaka ya 1930 mteja mkubwa akawa dola, na hapa wauzaji wengi wa mabango hupenda kufunga mdomo. Italia ilipovamia Ethiopia Oktoba 1935, Umoja wa Mataifa wa wakati huo ukaiwekea vikwazo, na serikali ya Mussolini ikajibu kwa kampeni ya kujitosheleza: vaa cha nyumbani, kula cha nyumbani, na "nyumbani" ikiwemo mashamba ya makoloni. Mwaka huohuo likaundwa shirika la serikali lenye ukiritimba wa ndizi, likileta ndizi za Somalia kwa meli zake lenyewe. Zilitoka kwenye mabonde ya Shabelle na Juba, na ng'ambo ya magharibi ya mto Juba ilikuwa sehemu ya Kenya mpaka Waingereza walipoikabidhi kwa Italia mwaka 1925. Mchoro safi wa tunda la njano uliokuwa ukimshawishi mama wa Milan ulikuwa na mtu wa pwani yetu shambani, nje ya fremu.

Gino Boccasile wa Bari ndiye mfano mgumu kuliko wote. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Wasichana aliowachora kwenye jalada la jarida la Le Grandi Firme mwaka 1937 na 1938 wangali wanauzwa kama mapambo. Mkono huohuo mwaka 1944, ukiufanyia kazi utawala wa mwisho wa Mussolini, ulichora askari Mweusi wa Marekani akikumbatia sanamu ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, iliyoandikwa bei, dola 2. Ni bango la ubaguzi lisilo na kificho, na limechorwa vizuri, ndiyo maana linatisha. Baada ya vita alirudi kwenye manukato na dawa ya meno kama vile hakuna kilichotokea.

Kizazi kilichofuata kilitoka tena karakana. Armando Testa wa Turin alijifunza kazi ya kupanga herufi, na mwaka 1937, akiwa na miaka 20, alishinda shindano la bango la kampuni ya wino na rangi kwa maumbo matupu. Mwaka 1960 alitakiwa kutangaza Punt e Mes, kileo ambacho jina lake kwa lahaja ya Piedmont ni "pointi moja na nusu". Alichora tufe moja jekundu na chini yake nusu tufe. Basi. Bruno Munari, mwaka 1964, alikata jina la Campari vipandevipande kutoka maandishi yake ya miaka tofauti, akayatawanya kwenye usuli mwekundu kwa ajili ya vituo vya reli ya kwanza ya chini ya ardhi ya Milan. Abiria hakuwa na haja ya kulisoma lote. Dirisha likipita kasi angedaka silabi mbili, na kituo kinachofuata zilizobaki. Cappiello na tramu yake, miaka 60 baadaye. Lakini tangu Februari 1957 jioni za Wataliano zilikuwa na Carosello, kipindi cha matangazo cha televisheni, na Testa mwenyewe akahamishia nguvu zake huko. Ukuta ulikuwa umepata mshindani asiyenyeshewa.

Limebaki neno halisi, lile lililonigharimu. Ukitazama litografia ya jiwe kwa kioo cha kukuza, rangi inaonekana kama chembechembe za mchanga zisizo na mpangilio, au imejaa tu kama rangi ya ukuta. Vidoti vilivyopangwa mistari ni alama ya picha iliyopigwa kamera kisha ikachapwa kwa mtambo wa kisasa. Tazama ukingo wa chini, jina la mpiga chapa lipo au limekatwa? Mabango mengi ya zamani ya Italia yana pia stempu ya kodi pembeni, kwa sababu kubandika tangazo hadharani kulilipiwa. Mikunjo si kasoro ya kukimbiwa, yalisafirishwa yamekunjwa.

Ila kuna kitendawili. Bango lililofanya kazi yake lilipakwa gundi, likabandikwa, likanyeshewa, likafunikwa na lingine. Lile lililobaki zima ndilo ambalo halikuwahi kubandikwa. Mwaka 1895 kijana mmoja wa Treviso, Nando Salce, ambaye hakuwa ametimiza miaka 20, alipita mbele ya tangazo jipya la taa za Auer lililochorwa na Giovanni Mataloni: mwanamke wa shela nyepesi, alizeti, na taa ya gesi yenye kile kimfuko cha wavu ambacho sisi tunakijua ndani ya karabai. Hakulala. Aliendelea hivyo maisha yake yote, akifanya kazi ya uhasibu na kukusanya karatasi, na alipofariki mwaka 1962 aliiachia dola karibu mabango 25,000, ambayo leo yana makumbusho yake mjini humo. Lile la kwanza alilipata kwa kumfuata mbandikaji akiwa na ndoo yake ya gundi na kumtilia lira moja mkononi. Mbandikaji akatia lira mfukoni, akamkabidhi karatasi, na kampuni ya taa ikakosa tangazo moja ukutani.